Ulizo Likikataa, Ulizo Likidanganya: Kutafuta Chanzo cha Tatizo katika Access na LibreOffice Base

Maulizo (queries) ya hifadhidata yana maradhi ya aina mbili. Kuna ulizo linalokataa: unabofya kitufe cha kuliendesha, ujumbe wa kosa unatokea, kazi inasimama hapo. Na kuna ulizo linalokubali vizuri tu, likaleta mistari iliyopangika na jumla zake, kumbe nusu ya rekodi hazimo au kiasi kimehesabiwa mara tatu. Hilo la kwanza linaudhi, lakini angalau limekuambia. La pili linaweza kukaa kwenye ripoti miezi mingi bila mtu kulishuku. Kwa hiyo makosa yenye ujumbe nitayapita kwa mwendo wa haraka, nitue zaidi kwenye majibu yanayoonekana sahihi na siyo.

Mifano yote inatumia majedwali manne: Wateja, Maagizo, Vipengele (bidhaa zilizomo katika kila agizo) na Malipo. Wateja na Maagizo yanaunganishwa na MtejaID. Maagizo, Vipengele na Malipo yanaunganishwa na AgizoID. Ninaposema Access, nina maana ya Microsoft Access; ninaposema Base, nina maana ya LibreOffice Base yenye injini (sehemu inayotekeleza maulizo) ya HSQLDB iliyomo ndani yake.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili ulizo, ufanyie kazi nakala. Kisha toka kwenye gridi ya usanifu, fungua mwonekano wa SQL, lugha ambayo ulizo limeandikwa kwayo. Ile gridi ya kuburuta nyuga (safu za jedwali) na kuandika vigezo chini yake inatokana na wazo la Moshé Zloof wa IBM katika miaka ya 1970, na ni wazo zuri sana la kuanzia kazi. Kwa kutafuta kosa haifai sana, maana inaficha. Safu zilizozimwa zisionekane, viungo vilivyochorwa vyenyewe kwa sababu tu nyuga mbili zina jina moja, kigezo kilichosahaulika mbali upande wa kulia: vyote hivyo utaviona kwenye SQL kwa kutupia jicho mara moja.

Halafu punguza. Ondoa vigezo vyote, endesha, hesabu rekodi. Rudisha kigezo kimoja, endesha, hesabu tena. Fanya hivyohivyo kwa majedwali: anza na moja, ongeza la pili, tazama idadi imepanda, imeshuka au imebaki palepale. Idadi ya rekodi ndiyo kipimo bora ulicho nacho, na watu wengi hawaiangalii. Maagizo yakiwa na rekodi 3,000 na ulizo linalopaswa kuyaonyesha yote linaleta 2,914, tayari unajua swali la kujiuliza, hata kabla ya kusoma jibu lenyewe.

Access inakuomba thamani ambayo hukupanga kuombwa

Unaendesha ulizo, kisanduku kidogo kinatokea kikiwa na jina fulani na nafasi ya kuandika. Maana yake ni moja tu: Access imekutana na jina isilolijua, ikadhani ni kigezo unachotaka kujazia wewe. Soma jina lililo kwenye kisanduku, herufi kwa herufi. Mara nyingi ni uga ulioandikwa vibaya, au uliobadilishwa jina kwenye jedwali baada ya ulizo kutungwa.

Ikiwa jina ni sahihi kabisa, angalia kama ni la uga uliokokotolewa ndani ya ulizo hilohilo. Huwezi kuandika `Kiasi * 0.18 AS Kodi` kisha ukaweka `WHERE Kodi > 1000`, kwa sababu sehemu ya WHERE hushughulikiwa kabla jina Kodi halijazaliwa. Rudia hesabu yenyewe, `WHERE Kiasi * 0.18 > 1000`, au hifadhi ulizo la kwanza na uandike la pili linalosoma kutoka kwake.

Ipo sababu moja inayowazungusha watu sana. SQL ni safi, haina jina hilo popote, na bado kisanduku kinatokea. Fungua orodha ya sifa za ulizo. Mtu alipopanga au kuchuja matokeo kwenye mwonekano wa jedwali kisha akahifadhi, mpangilio ule uliandikwa kwenye sifa za ulizo. Uga ukafutwa baadaye, sifa zikabaki zikiutaja. Futa maandishi hayo, tatizo limekwisha.

Ulizo hilohilo likiitwa kutoka kwenye msimbo wa VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Access), hakuna kisanduku. Utapata kosa 3061 linalolalamika kwamba vigezo ni vichache mno. Chanzo kimoja, sura tofauti.

Base haikuombi thamani kwa jina isilolijua. Inasema safu haipatikani. Hapo mambo mawili yatazamwe kwanza. HSQLDB hugeuza kuwa herufi kubwa kila jina lisilo ndani ya alama mbili za nukuu, kwa hiyo `SELECT Jina FROM Wateja` inatafuta JINA ndani ya WATEJA na kukosa. Andika `SELECT "Jina" FROM "Wateja"`. La pili ni kinyume chake: maandishi ya kawaida huwekwa ndani ya nukuu moja. Aliyezoea Access huandika `"Hali" = "Wazi"`, na Base inaanza kutafuta safu inayoitwa Wazi.

Aina za data hazilingani

Ujumbe huu, kosa 3464 katika Access, hutokea unapolinganisha maandishi na nambari. MtejaID ikiwa ya nambari, kigezo ni `125`. Ikiwa ya maandishi, ni `"125"`. Vivyo hivyo kwa kiungo: jedwali moja likihifadhi MtejaID kama nambari na jingine kama maandishi, programu haitakubali kuviunganisha. Dawa ni kurekebisha jedwali. Kugeuza aina ndani ya ulizo kunawezekana, ila utakuwa unalipa gharama hiyo kila unapoliendesha.

Kuna nyuga za Access zinazoonyesha kitu kimoja na kuhifadhi kingine. Uga wa Mteja unakuonyesha jina la mteja kwenye orodha ya kuchagua, huku ndani umehifadhi nambari yake. Ukiweka jina kwenye kigezo unagombana na nambari usiyoiona. Mimi huona nyuga za namna hii zina hasara kuliko faida. Orodha ya kuchagua mahali pake ni kwenye fomu.

Na wakati mwingine kigezo chako hakina kosa lolote. Uga uliokokotolewa, tuseme unaogeuza maandishi kuwa tarehe kwa `CDate`, umekutana na rekodi moja tupu na kutoa `#Error`. Bila kigezo, ulizo linafunguka na kuonyesha hitilafu hiyo kwenye mstari mmoja. Ukishaweka kigezo au mpangilio juu ya uga huo, ulizo zima linaanguka. Ondoa kigezo, shuka mpaka uone `#Error`, rekebisha rekodi hiyo.

Sarufi ya SQL imevunjika

Hapa nitasema machache. Jina la uga au jedwali lenye nafasi ndani yake, au lililo neno la SQL lenyewe kama Date, Order au Group, liwekwe kwenye mabano ya mraba katika Access na kwenye alama mbili za nukuu katika Base. Anayeita nyuga zake kwa Kiswahili anaepuka balaa hilo bila hata kujua.

Lakini Kiswahili kina mtego wake, nao ni ng'. Kigezo `Bidhaa = 'Ngozi ya ng'ombe'` kinakatika katikati, kwa sababu kiritama (ile alama ya ') kimefunga maandishi mapema. Kiandike mara mbili: `'Ngozi ya ng''ombe'`. Hilo ni kosa linalopiga kelele. Lisilopiga kelele ni hili: baadhi ya rekodi zilichapwa kwa kiritama kilichonyooka na nyingine zilinakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia, ambako kiritama hupindwa. Kwa macho ni neno lilelile. Kwa hifadhidata ni maneno mawili, na ulizo litakuletea moja tu. Ukiona bidhaa moja imejitokeza mara mbili kwenye muhtasari, tazama hapo, kisha utazame nafasi zilizobaki mwanzoni au mwishoni mwa neno.

Kitu kingine kinachosumbua ni kitenganishi ndani ya kazi kama `IIf`. Kwenye gridi, Access hufuata mipangilio ya kikanda ya Windows, kwa hiyo kompyuta moja inadai nukta mkato na nyingine mkato. Kwenye SQL ni mkato daima.

Rekodi zimepungua, au hakuna hata moja

Sasa tumefika kwenye makosa ya kimya.

Anza na tarehe, kwa sababu ndizo zinazoongoza. Katika SQL ya Access, `#04/05/2024#` ni tarehe 5 Aprili, mfumo wa Marekani, hata kama Windows yako imepangwa siku kwanza. Kibaya zaidi, ukiandika `#25/05/2024#`, Access inaona hakuna mwezi wa 25, inageuza kimyakimya na kuelewa 25 Mei. Matokeo yake ulizo linafanya kazi kuanzia tarehe 13 ya kila mwezi na kukosea siku 12 za mwanzo, isipokuwa siku na mwezi vikiwa nambari moja. Anayelijaribu mwishoni mwa mwezi ataapa kwamba liko sawa. Kwenye gridi tatizo hili halipo, kwa vile gridi hufuata mipangilio ya kikanda. Linaingia pale SQL inapoandikwa kwa mkono au kuunganishwa na msimbo. Andika mwaka kwanza, `#2024-05-04#`, na utata wote unaondoka. Base hutumia mpangilio huohuo ndani ya nukuu: `'2024-05-04'`.

Mtego wa pili wa tarehe ni saa. Access huhifadhi tarehe kama nambari ya siku zilizopita tangu 30 Desemba 1899, na saa ni sehemu ya desimali ya nambari hiyo. Ukiandika

`WHERE Tarehe BETWEEN #2024-03-01# AND #2024-03-31#`

mwisho wa kipindi ni saa sita kamili usiku, mwanzoni mwa tarehe 31. Agizo lililoingizwa siku hiyo saa nane na nusu mchana haliko ndani. Uga ukiwa na tarehe tupu bila saa, hutaona tatizo. Lakini aliyeunda jedwali akiweka `Now()` kuwa thamani ya kuanzia badala ya `Date()`, kila rekodi ina saa, na kila ripoti ya mwezi inapoteza siku ya mwisho. Tumia hivi, na usirudi nyuma:

`WHERE Tarehe >= #2024-03-01# AND Tarehe < #2024-04-01#`

Chanzo cha pili cha rekodi kutoweka ni thamani tupu, NULL. Ukiomba maagizo ambayo `Hali <> 'Imefungwa'`, ungetarajia yale yasiyojazwa hali yatokee, maana hayajafungwa. Hayatokei. NULL maana yake ni haijulikani, na kisichojulikana hakiwezi kusemwa kuwa ni tofauti na Imefungwa wala kuwa sawa nayo. Ongeza `OR Hali IS NULL`. Kwa sababu hiyohiyo `Hali = NULL` hailingani na chochote kamwe. Tena kumbuka kwamba uga unaoonekana mtupu unaweza kuwa na maandishi yenye urefu sifuri, ambayo si NULL; ikiwa data ililetwa kutoka kwingine, angalia yote mawili: `Hali IS NULL OR Hali = ''`.

NULL ikiingia kwenye `NOT IN` inaangusha kila kitu. Unatafuta wateja wasio na agizo:

`SELECT * FROM Wateja WHERE MtejaID NOT IN (SELECT MtejaID FROM Maagizo);`

Agizo moja tu likiwa halina MtejaID, jibu ni tupu. Rekodi sifuri, bila ujumbe. Injini haiwezi kuthibitisha kwamba mteja fulani hayumo kwenye orodha yenye mtu asiyejulikana. Weka `WHERE MtejaID IS NOT NULL` ndani ya ulizo la ndani, au tumia njia ninayoipendelea:

`SELECT W.* FROM Wateja AS W LEFT JOIN Maagizo AS A ON W.MtejaID = A.MtejaID WHERE A.AgizoID IS NULL;`

Hapo tumegusa viungo. Kiungo cha kawaida huonyesha rekodi zenye mwenzake pande zote mbili tu. Mteja asiye na agizo hayupo. Ukimtaka, kiungo kiwe LEFT JOIN. Kwenye gridi ya Access bofya mara mbili mstari unaounganisha majedwali na uchague kuonyesha rekodi zote za Wateja. Wengi hufika hapa vizuri, kisha wanaongeza `WHERE A.Tarehe >= #2024-01-01#` na kushangaa wateja wasio na agizo wametoweka tena. Kwa wateja hao A.Tarehe ni NULL, na NULL haipiti kwenye kigezo. LEFT JOIN imeandikwa, lakini kazi yake imefutwa na WHERE. Katika Access njia isiyo na mashaka ni kuchuja kwanza: tengeneza ulizo la Maagizo lenye kigezo cha tarehe, lihifadhi, kisha unganisha Wateja na ulizo hilo. Njia hiyohiyo ya kugawa kazi mara mbili ndiyo inayotibu ujumbe wa kosa 3258 kuhusu viungo vya nje vyenye utata.

Halafu kuna alama za kubahatisha herufi. Access katika hali yake ya kawaida hutumia `*` na `?`. Ukiiandikia `LIKE 'Ma%'`, inatafuta alama ya asilimia yenyewe na kuleta sifuri. Hifadhidata ikiwekwa kwenye hali ya ANSI-92 (kiwango cha SQL), mambo yanageuka: `%` na `_` ndizo zinazofanya kazi. Base inakubali kinyota kwenye gridi, lakini kwenye SQL inayotumwa moja kwa moja kwa injini inataka `%`. Zaidi ya hayo, HSQLDB hutofautisha herufi kubwa na ndogo wakati Access haijali, hivyo ulizo lililohamishwa kutoka Access linaweza kupoteza rekodi zilizochapwa kwa herufi ndogo. Linganisha `UPPER("Jina")` na herufi kubwa.

Zinatokea rekodi nisizozitaka

Kwenye gridi, vigezo vilivyo mstari mmoja vinasomwa kwa "na". Vilivyo mistari tofauti vinasomwa kwa "au". Umeweka `Wazi` chini ya Hali na `>1000` chini ya Kiasi. Kisha ukataka na yaliyositishwa, ukaandika `Imesitishwa` mstari wa pili. Sasa unapata maagizo yaliyo wazi yanayozidi 1,000, pamoja na yaliyositishwa yote, hata la kiasi cha 5. Kigezo cha Kiasi kilipaswa kurudiwa mstari wa pili. Kwenye SQL tatizo hili huonekana kama mabano yaliyokosekana, kwani AND hushika kabla ya OR.

Nambari zilizohifadhiwa kama maandishi nazo zinaleta wageni: `< "5"` italeta na 10, maana kwa herufi 1 iko kabla ya 5. Dalili yake ni mpangilio wa 1, 10, 11, 2.

Jumla zimevimba

Hii ndiyo sehemu ambayo ningetaka kila anayetoa ripoti za fedha aisome mara mbili.

Sura nyepesi ya tatizo ni majedwali mawili yasiyo na kiungo. Wateja 200 na Maagizo 3,000 bila mstari wa kuwaunganisha huleta rekodi 600,000, kila mteja na kila agizo. Hilo utalibaini kwa sababu ulizo litachelewa na jibu litakuwa la kipuuzi.

Sura ngumu ina viungo vyote sahihi. Unataka, kwa kila agizo, jumla ya vipengele na jumla ya malipo. Unaweka Maagizo katikati, Vipengele upande mmoja, Malipo upande mwingine, viungo kwenye AgizoID, unajumlisha. Agizo lenye vipengele vitatu lililolipwa kwa awamu mbili linatoa mistari sita, kwa kuwa kila kipengele kinakutana na kila malipo. Jumla ya malipo imekuwa mara tatu, jumla ya vipengele mara mbili. Agizo lenye kipengele kimoja na malipo mamoja linatoka sahihi, kwa hiyo ukijaribu kwa rekodi nyepesi hutaona kitu.

Mtu akiona mistari imejirudia, mkono unamwenda kwenye DISTINCT. Usifanye hivyo hapa. DISTINCT itaondoa marudio, ndiyo, na itaondoa pia malipo mawili halali yenye kiasi kimoja. Utakuwa umebadilisha kosa la kuzidi kwa kosa la kupungua, na la pili ni gumu zaidi kulinasa.

Jumlisha kila upande peke yake kwanza. Ulizo la kwanza, lihifadhiwe kama JumlaYaVipengele:

`SELECT AgizoID, Sum(Kiasi) AS Thamani FROM Vipengele GROUP BY AgizoID;`

La pili, JumlaYaMalipo, kwa namna hiyohiyo kutoka Malipo, jumla yake ikiitwa Kilicholipwa. Kisha la tatu:

`SELECT A.AgizoID, V.Thamani, M.Kilicholipwa FROM (Maagizo AS A LEFT JOIN JumlaYaVipengele AS V ON A.AgizoID = V.AgizoID) LEFT JOIN JumlaYaMalipo AS M ON A.AgizoID = M.AgizoID;`

Mabano yale baada ya FROM si pambo. Access inayadai kila unapounganisha zaidi ya majedwali mawili.

Ukitaka kuongeza salio, `V.Thamani - M.Kilicholipwa`, NULL inarudi kukusalimia: agizo ambalo halijalipwa kabisa litaonyesha salio tupu, yaani lile lenye deni kubwa kuliko yote ndilo litakalokaa bila nambari. Katika Access andika `V.Thamani - Nz(M.Kilicholipwa, 0)`, katika Base, `COALESCE` badala ya `Nz`. NULL hurukwa pia na Avg, na `Count(Uga)` huhesabu zisizo tupu tu wakati `Count(*)` huhesabu zote.

Kuhusu maulizo ya muhtasari, kuna mambo madogo matatu zaidi. Ukitaka jumla kwa mteja na mistari inatoka mingi kwa kila mteja, kuna uga wa ziada kwenye GROUP BY (sehemu inayokusanya rekodi katika makundi), mara nyingi ni tarehe iliyowekwa kwa ajili ya kigezo tu. Kwenye mstari wa jumla wa gridi ya Access ibadilishe iwe Where. Maelezo marefu yakikatika kwenye herufi ya 255, ni kwa sababu uga wa maandishi marefu umepitishwa kwenye GROUP BY, DISTINCT au UNION (inayounganisha matokeo ya maulizo mawili kuwa orodha moja). Tumia UNION ALL, au kwenye muhtasari tumia `First` kwa uga huo. Na katika Base, asilimia ikitoka 0 kila mstari, HSQLDB imegawanya nambari kamili kwa nambari kamili na kutupa desimali. Zidisha kwa 100.0 kwanza, ndipo ugawanye.

Ulizo halibadilishi data

Matokeo hayahaririki, mstari wa kuongeza rekodi mpya haupo. Katika Access hiyo ni kawaida kwa ulizo lenye GROUP BY, DISTINCT au UNION, kwa sababu mstari mmoja wa jibu hautokani na rekodi moja ya jedwali. Jedwali lililounganishwa kutoka kwenye seva bila ufunguo wa msingi (uga unaotambulisha kila rekodi) huleta hali hiyohiyo. Base nayo inataka ufunguo wa msingi uwemo kwenye ulizo, na SQL uliyoiamuru ipite moja kwa moja kwa injini haihaririki kamwe.

Ulizo la UPDATE likitoa kosa 3073, la kudai ulizo linaloweza kusasishwa, mara nyingi limeunganishwa na ulizo la jumla. Access haikubali, hata kama uga unaobadilishwa hauhusiki na jumla. Weka jumla kwenye jedwali la muda, au tumia `DSum`. Na kabla ya yote hayo hakikisha folda yenye faili inakuruhusu kuandika. Ujumbe ni uleule.

Unabofya, hakuna kitu, hakuna kisanduku cha uthibitisho. Tazama mstari wa chini wa dirisha la Access: yawezekana faili halijaaminiwa na maulizo yote ya kubadilisha data yamezuiwa. Ruhusu maudhui, au weka faili kwenye folda inayoaminika.

Katika Base, UPDATE, INSERT na DELETE hazikai kwenye orodha ya maulizo, ambayo ni ya SELECT pekee. Zinaendeshwa kwenye dirisha la SQL lililo kwenye menyu ya zana. Baada yake onyesha majedwali upya, kisha uhifadhi faili la .odb lenyewe, kwa kuwa data iko ndani ya faili hilo.

Kwa Access, kuna tabia moja ya kujijengea: kabla ya kuendesha ulizo la kufuta au kusasisha, lifungue kwenye mwonekano wa data. Linaonyesha rekodi zitakazoguswa bila kuzigusa. Idadi ikikushtua, shukuru.

Ulizo ni la polepole

Weka faharasa (index) kwenye nyuga unazounganishia na unazochujia. Usifunge uga ndani ya kazi: `Year(Tarehe) = 2024` inalazimisha injini ipitie kila rekodi, wakati kipindi cha `>=` na `<` kinatumia faharasa. `LIKE '*mwisho'` ina kasoro hiyohiyo. `DLookup` ndani ya ulizo huendesha ulizo jingine kwa kila mstari. Kiungo kinafanya kazi hiyo mara moja. Faili likikaa kwenye folda ya mtandao, kumbuka kwamba injini ya Access inafanya kazi kwenye kompyuta yako, na data yote inayohitajika kukaguliwa inasafiri kuifuata.

Ulizo kubwa la UPDATE likikatika kwa kosa 3052 la idadi ya kufuli, kikomo cha kawaida ni 9,500 kwa faili. Gawanya kazi kwa mafungu ya AgizoID.

Pale SQL inapokuwa haina kosa

Ulizo lilifanya kazi jana, leo linakataa, na hakuna aliyeligusa. Angalia ukubwa wa faili: Access inakoma kwenye GB 2, na faili linalokaribia hapo huanza kutoa makosa yasiyofanana na chanzo chake. Nakili, kisha lifinye na kulirekebisha kwa zana iliyomo ndani ya programu. Ulizo lenyewe lina mipaka pia, nyuga 255 na majedwali 32, ingawa anayefika huko pengine anahitaji kupanga upya majedwali yake.

Wakati mwingine kosa ni la programu. Novemba 2019 sasisho la usalama la Microsoft lilifanya maulizo mengi ya UPDATE katika Access yatoe kosa 3340, likidai ulizo limeharibika, ilhali halikuwa limeharibika. Yaliyoathirika yalisasisha jedwali moja na kuwa na kigezo. Masasisho yaliyofuata yalirekebisha, lakini kompyuta isiyosasishwa tangu wakati ule bado inaweza kuonyesha ujumbe huo. Ukikutana nao, sasisha Office. Kama huwezi, andika `SELECT * FROM Maagizo`, ihifadhi kama ulizo, na UPDATE ilielekee ulizo hilo badala ya jedwali.